Umeme wa Nyumbani na Afya: Kupunguza Upotevu Bila Kumdhuru Mgonjwa

Mji wa Kondoa, mkoani Dodoma, upo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, katika uwanda wa kati wenye mvua za msimu mmoja na kiangazi kirefu. Mwinuko huo na ukame huo huamua mambo mengi ya nyumbani. Mwezi Oktoba na Novemba, chumba kilichoezekwa kwa bati bila dari huwa na joto kali mchana kutwa. Mwezi Juni na Julai, chumba hichohicho hupoa upesi jua linapozama, na baridi huendelea hadi asubuhi. Maharage nayo hukaa jikoni kwa muda mrefu kuliko Tanga au Dar es Salaam. Kila moja ya hali hizi humgharimu mwenye nyumba nishati, iwe ni umeme, mkaa au kuni.

Katika familia yenye mgonjwa wa kisukari, pumu, selimundu au moyo, gharama hiyo huingia moja kwa moja katika matibabu. Uniti za LUKU zinapokaribia kwisha, ni desturi ya watu wengi kuzima kile kinachoonekana kuwa kikubwa. Jokofu huzimwa usiku, jiko la umeme huachwa na mkaa hurudishwa jikoni, huku mashine ya mgonjwa ikiwashwa kwa saa chache kuliko alivyoagizwa. Wakati huohuo, taa ya nje huwaka hadi jua linapochomoza na hakuna anayeihesabu. Mgonjwa hupunguziwa kinga, na upotevu wenyewe hubaki palepale. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha matumizi ya lazima na upotevu, ili kinachookolewa kwenye upotevu kigharimie kinachohitajika kwa afya.

Uniti moja ni nini

Kila kifaa cha umeme kina kibandiko kinachoonyesha nguvu yake kwa wati. Zidisha wati hizo kwa idadi ya saa ambazo kifaa kinawaka, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti zilizotumika. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja bila kupumzika hutumia uniti moja. Taa ya wati 9 ingehitaji kuwaka zaidi ya saa 110 ndipo ifikishe uniti hiyo moja. Kanuni hii fupi inamwezesha mtu yeyote kujua umeme wake unakwenda wapi, bila kusubiri fundi wala kubahatisha.

Hesabu hiyo ina uzito wa pekee kwa kaya yenye kipato kidogo. Katika bei zilizotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016, kundi la watumiaji wadogo, ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi, lilipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na kila uniti inayozidi hapo shilingi 350. Watumiaji wa kawaida walipangiwa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hizo, kaya ya kundi la kwanza inayotumia uniti 75 hulipa shilingi 7,500. Kaya iliyo katika kundi la kawaida na inayotumia uniti 80 hulipa shilingi 23,360. Tofauti ya uniti tano imezaa malipo ya mara tatu. Kwa mgonjwa anayenunua dawa kila mwezi, kubaki ndani ya kundi la kwanza ni sehemu ya kumudu matibabu.

Mahali umeme unapopotea

Mfano wa nyumba moja unatosha. Nyumba hiyo ina balbu tatu za zamani, zile zenye waya unaowaka ndani, kila moja ya wati 60. Moja ni ya nje na huwaka saa 12 kila usiku. Kwa siku 30 hutumia uniti 21.6. Mbili za ndani huwaka saa sita kila siku, na kwa pamoja hutumia uniti nyingine 21.6. King'amuzi cha wati 10 hakizimwi kamwe, ijapokuwa runinga yenyewe hutazamwa saa tano tu. Nacho hutumia uniti 7.2. Jumla ni uniti 50.4 kwa mwezi.

Balbu hizo tatu zikibadilishwa ziwe taa za LED za wati 9, na king'amuzi kikizimwa ukutani baada ya runinga kuzimwa, jumla hushuka hadi uniti zisizofika nane. Zaidi ya uniti 40 zimeokolewa, na hakuna aliyekaa gizani wala kukosa taarifa ya habari. Jokofu dogo lililo katika hali nzuri, linalotumia takriban uniti moja kwa siku, huendeshwa mwezi mzima kwa uniti 30. Kwa maneno mengine, nyumba hii ilikuwa ikipoteza umeme mwingi kuliko ule unaohitajika kuhifadhi dawa na chakula cha mgonjwa.

Upotevu mwingine mkubwa uko katika maji ya kuoga. Kuchemsha ndoo ya lita 20 kwa hita hadi itokote hutumia takriban uniti 1.7. Ndoo hiyohiyo ikipashwa moto hadi kufikia uvuguvugu wa kuogea, inatosha chini ya nusu uniti. Maji yanayochemshwa kupita kiasi kisha yakaachwa yapoe ni umeme uliomwagwa. Uwanda wa kati una jua la kutosha: ndoo nyeusi yenye mfuniko ikiwekwa juani tangu asubuhi hupunguza kazi ya umeme, na pengine huiondoa kabisa. Ikumbukwe pia kwamba hita ya kutumbukiza ndani ya ndoo inaweza kuua. Izimwe na kuchomolewa ukutani kabla mtu hajagusa maji, na isiachwe mahali ambapo watoto hufika.

Kuhusu pasi, ni afadhali kunyoosha nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja kuliko kuipasha pasi moto kila asubuhi kwa ajili ya shati moja.

Yapo pia matatizo ya nyaya zenyewe. Njia rahisi ya kuyachunguza ni kuzima na kuchomoa vifaa vyote ndani ya nyumba, kisha kuitazama mita. Kitaa chake kikiendelea kumweka, kuna mahali umeme unatumika bila kujulikana. Hapo aitwe fundi aliyesajiliwa, kwa kuwa hitilafu hiyo hula uniti na inaweza pia kusababisha moto au kumnasa mtu.

Vifaa visivyopaswa kuzimwa

Jokofu linalotunza insulini ni sehemu ya tiba. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Haipaswi kuganda, ikiganda imeharibika hata kama itayeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo isiwekwe kwenye sehemu ya kugandishia wala isigusane na ukuta wa nyuma wa jokofu. Chupa inayotumika kwa wakati huo inaweza kukaa nje ya jokofu, mahali penye kivuli na pasipozidi nyuzi 30, kwa muda wa takriban wiki nne kulingana na maelekezo ya aina husika.

Kuzima jokofu usiku kucha ili kubana uniti ni hesabu isiyolipa. Asubuhi mashine hulazimika kufanya kazi kwa nguvu ili kuondoa joto lililoingia, na dawa hupitia kupanda na kushuka kwa joto kila siku. Yapo mambo mengine yanayopunguza matumizi yake pasipo madhara. Karatasi ibanwe kwenye mlango uliofungwa. Ikivutika kwa urahisi, mpira wa mlango umechakaa na ubadilishwe. Jokofu liachwe nafasi nyuma yake ili joto litoke, na lisisimame kando ya jiko wala dirishani penye jua. Chakula cha moto kipoe kwanza. Barafu inayojijenga ukutani iyeyushwe kabla haijawa nene, baada ya dawa kuhamishiwa mahali pengine penye ubaridi. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe ovyo: jokofu lililofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne. Kifaa cha kulinda jokofu dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo kina thamani kubwa kuliko bei yake.

Nyumba isiyo na jokofu haimaanishi mgonjwa asiye na matumaini. Mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya mwingine, katikati pakajazwa mchanga unaoloweshwa maji, hupoza kwa nyuzi kadhaa. Hewa kavu ya kiangazi cha Kondoa huusaidia ufanye kazi vizuri kuliko katika hewa nzito ya pwani. Dawa ifungwe kwanza ndani ya mfuko usiopitisha maji. Aidha, mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo ya utafiti uliotokana na hali ya joto iliyopimwa katika kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Walionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Matokeo hayo hayatoi ruhusa ya kuacha dawa juani. Yanaonyesha kwamba mgonjwa asiye na umeme anaweza kutibiwa nyumbani kwake, kwa maelekezo ya daktari wake.

Mashine ya kuchuja oksijeni huhitaji mpango kabla haijafika nyumbani. Mashine ya wati 350 ikifanya kazi saa 24 hutumia uniti 8.4 kwa siku, yaani uniti 252 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 292, hizo ni shilingi 73,584 kabla ya kodi. Familia ambayo haikuelezwa gharama hiyo mapema itaanza kuzima mashine kimyakimya, na daktari atashangaa kwa nini mgonjwa anarudi wodini. Swali kuhusu umeme linapaswa kuulizwa siku oksijeni inapoandikwa, pamoja na swali la akiba ya mtungi wa oksijeni umeme unapokatika.

Kwa wagonjwa wengi wa pumu, upo msaada usiohitaji umeme. Inhela inayotumiwa pamoja na chupa ya kati ya kuvutia dawa hufanya kazi sawa na mashine ya kufukiza dawa katika mashambulizi mengi. Chupa hiyo inaweza hata kutengenezwa kwa chupa safi ya plastiki ya nusu lita, baada ya mgonjwa kufundishwa na mhudumu wa afya.

Chakula, moshi na mwinuko

Katika mwinuko wa Kondoa, maji huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100. Ndiyo sababu maharage, mbaazi na choroko hukawia kuiva. Sufuria la umeme la presha huondoa kikwazo hicho: mvuke uliofungiwa hupandisha joto kupita nyuzi 100, na kuta zake huzuia joto lisitoke. Maharage huiva kwa takriban nusu uniti, wakati jiko la umeme la koili lenye wati 1,000, likiwaka saa mbili, hutumia hadi uniti mbili. Kuloweka maharage usiku mzima, kufunika sufuria, na kuzima jiko la koili dakika chache kabla chakula hakijaiva kabisa ni mambo yasiyogharimu chochote.

Anayeacha umeme na kurudi kwenye mkaa au kuni kwa nia ya kubana matumizi huhamishia gharama kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Kondoa inazo pia sababu zake za kuitunza miti. Mmomonyoko wa ardhi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo litafikiwa jikoni, na litategemea kama familia inaweza kumudu uniti zake.

Nyumba yenyewe

Wazee wa uwanda wa kati walijenga tembe, nyumba ya paa bapa lililobebwa na miti na kufunikwa udongo mnene. Udongo huo hupokea joto polepole mchana na kulirudisha polepole usiku, kwa hiyo ndani hapabadiliki sana. Tembe ilikuwa na upungufu wake: ilihitaji miti mingi, ilikuwa na giza, na moshi ulikosa njia ya kutokea. Bati limeleta paa lisilohitaji kukarabatiwa kila masika na maji safi ya kukinga, lakini limeondoa kinga ile dhidi ya joto na baridi.

Kinga hiyo inaweza kurejeshwa. Dari, iwe ya mbao, ya jasi au hata ya mkeka uliotandazwa vizuri, huzuia joto la bati lisimshukie mtu, na usiku huzuia joto la chumba lisitoroke. Paa lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mti wa kivuli upande wa magharibi, baraza pana, na madirisha mawili yanayotazamana hufanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na feni. Wanaonufaika zaidi ni wazee, wajawazito, watoto wachanga, na wagonjwa wa moyo au figo wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, kwa kuwa miili yao huchoshwa haraka na joto. Majira ya baridi, wagonjwa wa selimundu hupungukiwa na moja ya vichocheo vya maumivu yao.

Nyufa za dari na chini ya milango zizibwe, lakini madirisha yafunguliwe kila siku. Nyumba isiyopitisha hewa huhifadhi vijidudu vya kifua kikuu pamoja na joto, na hakuna uniti inayostahili kuokolewa kwa bei hiyo.

Hatari ya jiko la mkaa chumbani

Baridi ya Juni na Julai huwafanya baadhi ya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka, hata usiotoa moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea na kulala usingizi asioamka. Mtoto aliye tumboni huathirika mapema na kwa ukali zaidi kuliko mama yake. Blanketi la pili, nguo nzito, dari na maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa vizuri ni njia salama za kujikinga na baridi. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata kama limefunikwa majivu.

Mhudumu wa afya akipokea watu wawili au watatu wa nyumba moja, wote wakilalamika kichwa na kichefuchefu asubuhi ya baridi, aulize kuhusu jiko kabla ya kuhitimisha kuwa ni malaria au chakula kibaya. Asitulizwe na kipimo cha oksijeni cha kidoleni: kipimo hicho hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye gesi hii, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi, apewe oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja, na apewe rufaa.

Maswali manne kliniki

Wahudumu wa afya hawaombwi kuwa mafundi umeme. Maswali manne yanatosha kuingia katika mazungumzo ya kawaida na mgonjwa wa muda mrefu. La kwanza, dawa zinatunzwa wapi, na umeme ukikatika zinapelekwa wapi? La pili, uniti zikikaribia kwisha, kinachozimwa kwanza ni nini? La tatu, chakula kinapikwa kwa nini, na mgonjwa hukaa wapi wakati wa kupika? La nne, usiku wa baridi mnajipashaje joto?

Jibu la swali la pili ndilo litakalofichua mengi zaidi. Mgonjwa akisema kuwa jokofu au mashine yake ndiyo huzimwa kwanza, inafaa kuchukua kalamu na kuhesabu pamoja naye balbu, king'amuzi, hita na pasi za nyumbani kwake. Mara nyingi uniti zinazotafutwa zitakuwa zinawaka usiku kucha nje ya mlango wake.